Uliza Fundi Mitambo: Kapla ya ekskaveta, niiache au niing'oe?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkandarasi mdogo hapa Mwanza. Nimenunua ekskaveta ya daraja la tani 20 iliyokwisha kutumika ng'ambo, nayo imekuja na kapla, yaani kile kifaa kinachokaa kati ya mkono wa mtambo na baketi na kuzishika pini za baketi kwa nguvu ya haidroliki. Mwendeshaji wangu anaisifu sana, lakini fundi mmoja amenishauri niing'oe, akidai kwamba inapunguza nguvu ya kuchimba na kwamba imewahi kuua watu katika nchi nyingine. Kazi zangu nyingi ni mitaro ya mabomba na misingi, na mara mojamoja kubomoa majengo ya zamani. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu mkandarasi, wote wawili wamekueleza kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Katika mtambo usio na kapla, baketi hufungwa kwa pini mbili, na kila unapotaka kuitoa ili ufunge nyundo ya kuvunjia zege, mtu hana budi kushuka, kuondoa vizuizi vya pini, kuzigonga hadi zitoke, kisha kuvizia matundu ya kifaa kipya yalingane na ya mkono. Mashine nyingi za daraja lako hutumia pini zenye kipenyo cha milimita 80. Pini ya ukubwa huo ikishakaa muda mrefu na grisi ikakauka haitoki kwa hiari, na vipande vya chuma vinavyoruka wakati wa kuigonga vimewapofusha watu. Vidole navyo hukatika pale mtu anapoingiza mkono kupapasa kama matundu yamelingana huku mwendeshaji akiusogeza mtambo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kuing'oa kapla ni kuondoa hatari. Ni kuacha hatari moja na kuchukua nyingine.

Kuhusu nguvu ya kuchimba, fundi wako yuko sahihi, na hesabu yake si ngumu. Tuchukue mfano kwamba meno ya baketi yalikuwa umbali wa mita 1.45 kutoka kwenye pini ya mkono, na kapla ikayasogeza mbele kwa sentimita 20. Silinda ni ile ile na nguvu yake ni ile ile, lakini sasa inafanya kazi kwenye urefu wa mita 1.65, hivyo nguvu inayofika kwenye meno inapungua kwa takribani asilimia 12. Uzito wa kapla yenyewe, ambao kwa daraja hili unaweza kufika kilo mia mbili au mia tatu, hutolewa katika mzigo ambao mtambo unaruhusiwa kuunyanyua, jambo ambalo wengi hulisahau wanapoinua makaravati kwa ekskaveta. Kwa mitaro ya udongo wa kawaida hutauona upungufu huo. Ukipata kazi ya kuchimba mwamba laini kwa wiki nzima bila kubadilisha kifaa, ondoa kapla na ufunge baketi moja kwa moja kwenye mkono.

Sasa tuje kwenye vifo, kwa sababu hapa ndipo pa kutulia. Mwaka 2005 OSHA ya Marekani, ambayo si huu Wakala wetu wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi wenye kifupisho hicho hicho, ilitoa tahadhari kuhusu baketi zinazochomoka kwenye kapla, ikitaja matukio 15 ya kati ya 1998 na 2004, ambapo manane yalisababisha vifo. Chanzo kilichosisitizwa hakikuwa chuma kukatika. Kapla nyingi za wakati huo zilikuwa za nusu otomatiki: mwendeshaji anafunga taya, yaani ndoano inayoishika pini ya baketi, kwa swichi akiwa kebini, kisha anatakiwa ashuke aingize kwa mkono pini ya usalama inayoizuia taya isirudi nyuma. Asiposhuka, hakuna kitakachomwonya. Mtambo utachimba vizuri asubuhi nzima huku baketi yenye uzito unaokaribia tani moja ikiwa imeshikiliwa na presha ya oili peke yake. Siku silinda ikivuja au vali yake ikichoka, taya italegea, na aliye ndani ya mtaro akipokea bomba hatapata nafasi ya kukimbia.

Kuna kosa la pili ambalo hata pini ya usalama haiwezi kulizuia peke yake, nalo ni kushika nusu. Taya ya nyuma inafunga vizuri, lakini pini ya mbele haikuingia kwenye kiti chake, hivyo baketi inaning'inia kwa pini moja na inaweza kubembea au kudondoka mara tu mkono unapogeuzwa. Kapla mpya zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 13031 cha mwaka 2016 zinapaswa kuendelea kushikilia kifaa hata presha ya haidroliki ikipotea, na nyingi zina kifungio cha pili kinachoishika pini ya mbele. Mitambo mingi inayoingia kwetu kwa njia ya mitumba imetengenezwa kabla ya hapo, na pini ya usalama mara nyingi imekwisha kupotea kabla mtambo haujapakiwa melini.

Nenda basi ukaiangalie kapla yako leo, baketi ikiwa imelala chini na injini imezimwa. Tafuta tundu linalopita kwenye mashavu yote mawili, yaani bamba za pembeni za kapla, nyuma ya taya. Ukiliona, na hakuna pini ndani yake, umeshapata jibu la swali lako kwa sasa: mtambo huo usichimbe hadi pini yake halisi ipatikane, wala usikubali nondo iliyokatwa ichukue nafasi hiyo. Angalia pia kama silinda ya kapla ina majimaji ya oili pembeni, kama taya zimelika, na kama kibao cha mtengenezaji chenye namba ya mfano bado kinasomeka, kwa maana bila namba hiyo hutaweza kuagiza kitabu wala vipuri.

Baada ya hapo mfundishe mwendeshaji wako utaratibu mmoja asiouacha hata akiharakishwa. Akishafunga kifaa, akiwa amekiinua kidogo tu kutoka ardhini na bila mtu yeyote karibu, akikunje ndani na kukikunjua. Kisha akibonyeze ardhini na kukivuta kuelekea kwenye mtambo hadi aone kwamba kapla na kifaa vinatikisika kama kitu kimoja. Mwisho azime injini, ashuke, na aitazame pini ya mbele, taya ya nyuma na pini ya usalama kwa macho yake mwenyewe. Taa ya kijani kebini haitoshi, kwa sababu katika kapla nyingi inaeleza tu kwamba silinda imesogea, haielezi imeshika nini. Hata baada ya majaribio hayo, baketi isipite juu ya kichwa cha mtu.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni uibakize kapla ikiwa tu ina kifungio cha pili kinachofanya kazi, iwe ni pini ya usalama au kile kinachoishika pini ya mbele. Kama haina, na haiwezekani kuwekewa na mtengenezaji au wakala wake, msikilize fundi wako.

SWALI: Kuna karakana hapa Gerezani, Dar es Salaam, inayoweza kunichongea kapla kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya dukani. Baketi walizonitengenezea zimedumu vizuri. Je, kuna ubaya?

JIBU: Mafundi wa Gerezani nawaheshimu, na baketi, meno na bushi za kwao nimeziona zikifanya kazi kwa miaka. Kapla ni jambo jingine. Baketi ikipasuka kwenye weldi, utaona ufa ukikua kwa siku kadhaa na utaziba; kifungio cha kapla kikishindwa, hushindwa mara moja, mzigo ukiwa hewani. Ndani yake kuna chuma kilichopitishwa kwenye moto kwa joto maalumu ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika, kuna vali inayoizuia oili isirudi, na kuna mpangilio wa hatua ambao hauruhusu kapla ifunguke kwa kubonyeza kitufe kimoja kwa bahati mbaya. Karakana isiyokuwa na michoro ya mtengenezaji wala namna ya kupima ugumu wa chuma haiwezi kukuhakikishia hata kimoja kati ya hivyo.

Wapelekee kazi ya kurekebisha masikio ya baketi zako, yaani vile vibao vyenye matundu ya pini, ziendane na kapla utakayonunua. Hapo pima mambo matatu kabla ya kulipa: kipenyo cha pini, umbali kati ya pini na pini, na upana kati ya masikio. Mitambo miwili ya tani 20 inaweza kuwa na pini za milimita 80 zote, na bado baketi ya mmoja ikakataa kukaa kwenye kapla ya mwingine kwa sababu umbali kati ya pini umetofautiana kwa sentimita mbili. Wasweden waliondokana na usumbufu huu kwa kuwa na vipimo vya pamoja vinavyoanza na herufi S. Ukikuta kifaa kimeandikwa S60 au S70, namba hiyo ni kipenyo cha pini kwa milimita, na kapla yake lazima iwe ya namba hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanamke, msimamizi wa kazi mahali tunapobomoa jengo la ghorofa nne mjini Mombasa. Koleo la kusagia zege likikaa juani tangu asubuhi, mipira yake ya oili hukataa kuunganishwa na mtambo, na vijana hulegeza nati hadi oili iruke ndipo iingie. Nimewakataza lakini wanasema ndivyo ifanywavyo kila mahali. Je, zile kapla zinazounganisha oili zenyewe zingetufaa?

JIBU: Dada, umefanya vyema kuwakataza, na endelea kuwakataza hata kazi ikichelewa. Oili iliyofungiwa ndani ya mpira hupanuka inapopata joto, na kwa kuwa haina pa kwenda, presha hupanda na kuibana vali ya kiungio isifunguke. Mitambo mikubwa hufanya kazi kwa presha inayofika bar 350, na oili inayotoka kwenye upenyo mdogo hata kwa presha iliyo chini sana ya hiyo hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana kama kitone cha sindano, na mara nyingi haliumi kwa saa za mwanzo, ilhali ndani nyama inaanza kufa. Aliyepata jeraha hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, maana huhitaji upasuaji wa haraka; anayesubiri hadi mkono uvimbe anaweza kuupoteza.

Dawa ya tatizo lenu ni kutoa presha kabla ya kutenganisha. Koleo lilazwe chini, injini izimwe, ufunguo urudishwe kwenye hatua ya kwanza, kisha pedali ya kifaa ikanyagwe mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki irudi kwenye tangi, kwa kufuata kitabu cha mtambo wenu. Baada ya hapo koleo liwekwe kivulini au lifunikwe turubai, na viungio vivishwe vifuniko vyake. Viko pia viungio vinavyoweza kuunganishwa hata presha ikiwa imebaki ndani, na gharama yake si kitu ukilinganisha na mkono wa kijana.

Kapla ulizouliza zipo, na kampuni ya Uswidi iitwayo OilQuick ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Mwendeshaji hubaki kebini akatoka kwenye nyundo kwenda kwenye koleo, na kutoka kwenye koleo kwenda kwenye mkasi wa kukatia nondo, bila mtu kugusa mpira wowote. Mtambo unaobadilisha vifaa mara nyingi kwa siku hunufaika sana, hasa ule wenye mkono mrefu, kwani hakuna anayelazimika kusimama chini ya ukuta uliokwisha kulegea. Sharti lake ni kwamba kila kifaa kifungwe sahani inayolingana na kapla hiyo, pamoja na viungio vyake vya oili, na uso wa viungio hivyo ufutwe vumbi la zege kila kabla ya kufunga, la sivyo punje hizo huingia kwenye oili na kukwangua pampu. Ikiwa vifaa ni mali yenu na kazi za kubomoa zinafuatana, ombeni bei. Ikiwa mnakodi nyundo kwa huyu na koleo kwa yule, hamtaweza kuitumia, kwa sababu hakuna mwenye kifaa atakayekubali sahani yenu ifungwe kwenye mali yake kwa kazi ya wiki mbili.