Je, Kenya ilihitaji ruhusa kuingia Somalia 2011?
Ndugu, umeuliza kama nchi huru lazima iombe ruhusa ya Umoja wa Mataifa kabla ya kupigana. Kwa kujilinda, hapana: Ibara ya 51 ya Mkataba wa umoja huo inataka kuwe na shambulio la silaha, kisha Baraza la Usalama lijulishwe mara moja. Ugumu uko kwenye kipimo. Nguvu isizidi hatari yenyewe, na utekaji wa watalii Lamu, kwangu, ni msingi mwembamba kwa operesheni kubwa vile. Idhini ya serikali ya Somalia mjini Mogadishu ndiyo iliyobeba uzito, ingawa Rais wake, Sharif Sheikh Ahmed, aliyumba hadharani Oktoba ileile. Februari 2012, azimio 2036 la Baraza la Usalama likaongeza kikomo cha AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, kutoka askari 12,000 hadi 17,731, na wanajeshi wetu wakaingizwa humo.