Mimi ndiye "wengine wote": hivi kuna mtu anasaidia bure kweli?

Mbukwenyi wapendwa!

Jumatatu asubuhi nimeamka nakuta meseji ndefu ya dada mmoja wa Manyoni. Ananisoma tangu enzi zile naandika namna ya kuanzisha mgahawa kwa mtaji wa laki mbili. Anasema alikaa na shemeji yake, mdogo wa mume wake, miaka minne nyumbani, kamlisha, kamvisha, kamlipia mafunzo ya udereva mpaka leseni ikatoka, sasa kijana kapata lori anapeleka mzigo mpaka Kigali na simu ya dada hapokei, siku akipokea anasema niko barabarani nitakupigia, hapigi. Mwishoni akaniuliza: "Dada hivi kuna mtu anasaidia bila kutaka kitu au wote tunajidanganya tu?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe. Hilo swali ninalo moyoni tangu Novemba 2022 na sijawahi kuliandika humu kwa sababu lilikuwa linaniuma, na bado linaniuma, ila leo acha niseme.

Wengi mnaonisoma ni watu kama mimi. Mnataka biashara ikue, nyumba ifike kwenye bati, na mnataka siku moja na nyie muwe watu wa kumshika mtu mkono. Kwa hiyo mtanielewa.

Mwaka 2019 nilimchukua binti mmoja kutoka kijiji huko Kongwa aje kuosha vyombo mgahawani kwangu Nkuhungu wakati anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Mkimya, mchapakazi, akisugua sufuria anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwaya. Matokeo yakatoka, kafaulu, kapata chuo hapa hapa Dodoma, mkopo kapata wa sehemu tu, na mwaka huo mtama wa baba yake ulikuwa umekaukia shambani hana hata debe moja la kuuza. Nikasema mimi nitasimama. Nikasimama miaka mitatu. Sitawachosha na hiyo miaka maana ilikuwa ni ada, chumba, ada, chumba.

Akahitimu. Sherehe wakafanya nyumbani kwao. Nikashona gauni la kitenge, nikafunga mgahawa Jumamosi nzima, Jumamosi ndiyo siku yangu ya mauzo jamani, nikapakia godoro jipya la zawadi juu ya Noah nikaenda. Nilipofika nikapewa kiti cha plastiki mwisho kabisa wa turubai, pembeni ya spika, nikasema haya, watanisogeza mbele baadaye. MC akampa binti maiki. Akamshukuru Mungu, akawashukuru baba na mama, akamshukuru mchungaji, akamshukuru mjomba wake wa Dar ambaye miaka yote mitatu sijawahi kulisikia jina lake, halafu akasema "na wengine wote mlionisaidia, Mungu awabariki sana." Makofi, vigelegele, muziki ukapigwa.

Mimi ndiye wengine wote.

Kuanzia Mbande mpaka Ihumwa sikuongea na mtu kwenye gari. Nimefika nyumbani saa nne usiku, sijavua hata kilemba, nikachukua kauntabuku langu la mgahawani. Lina jalada jeusi limeanza kuchanika kwenye uti, kwa mbele naandika mauzo na madeni ya wateja, kwa nyuma nimeligeuza naandika michango, nani kanichangia msibani, nani harusini, shilingi ngapi, ili zamu yake ikifika nisimpelekee pungufu. Najua na wewe unalo la kwako, au liko kichwani. Nikafungua kwa nyuma nimtafute binti. Hayupo. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa, hayupo. Nikamkuta mbele. Kwenye madeni. Kakaa katikati ya fundi seremala ninayemdai chipsi mayai na mwalimu mmoja anayedaiwa wali maharage wa mwezi mzima, na mwandiko ni wangu, kalamu ya bluu: ada 900,000, chumba 360,000, laptopu ya mtumba 380,000. Chini nimepiga mstari mara mbili na jumla, 1,640,000.

Hakuna aliyenishika mkono nimwandike pale. Miaka mitatu nilikuwa naambia watu namsaidia mtoto wa watu, kumbe mkono wangu ulikuwa unajua kwamba ninamkopesha.

Nililia sana usiku ule, na wala siyo kwa ajili ya ile milioni. Nilikaa nikajiuliza, nilitaka nini hasa? Nikianza kuhesabu, nilitaka mengi. Kila nikilipa ada nilikuwa napiga picha risiti naweka stetasi WhatsApp na maneno ya kumshukuru Mungu kwa kunitumia kama chombo, watu wa jumuiya wananijibu hongera mama, roho inatulia. Halafu kuna kubwa zaidi ya hilo. Mimi nilifaulu kwenda kidato cha tano mwaka 1999 na baba alikataa, akasema pesa ipo ya mtoto mmoja na huyo mmoja ni kaka yako. Kwa hiyo nilivyokuwa namlipia yule binti, nilikuwa najinunulia joho mwenyewe. Siku ya sherehe nilienda kulichukua, na nikakuta limeandikwa jina la mtu mwingine. Ambalo ni haki yake, maana aliyesoma ni yeye.

Nina kijana mpangaji chumba cha uani anasoma saikolojia, nikamsimulia kesho yake wakati anakunywa chai. Akaniambia mama, hilo swali watu wamelipigania miaka mamia. Akanipa kisa cha mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, Thomas Hobbes, ambaye alikuwa anasema binadamu anajitafutia mwenyewe kwa kila jambo. Inasimuliwa siku moja alimpa ombaomba sadaka njiani, padri mmoja akamuuliza, ungetoa kama Kristo asingeamuru? Hobbes akasema ningetoa, kwa sababu kumuona yule mzee anateseka kulinitesa na mimi, nimempa nipate nafuu. Nilivyosikia hivyo nikajikumbuka nikiwa Jamatini nasubiri daladala, nikiona mama kakaa na watoto kwenye jua namrushia mia tano halafu nageuza macho haraka. Ile mia tano namnunulia nani utulivu? Mimi mwenyewe. Kwa hiyo siku ile nikajua basi, Hobbes kashinda, wote ni wachuuzi tu.

Lakini kijana akasema subiri mama. Kuna mtafiti Marekani, chuo kikuu cha Kansas, anaitwa Daniel Batson, mwaka 1981 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio. Waliwaonyesha wanafunzi msichana anayepigwa shoti za umeme kwenye zoezi (hazikuwa za kweli ila wao hawakujua), kisha wakaambiwa unaweza kukaa nafasi yake ukipenda. Baadhi wakapewa mlango rahisi, ukiona mara mbili tu unaruhusiwa kuondoka zako usiendelee kuangalia. Sasa kama Hobbes yuko sahihi, mwenye mlango rahisi ataondoka, maana akishaondoka macho yake yamepona, shida imeisha kwake. Na kweli wasiokuwa na huruma naye sana wengi waliondoka. Ila wale waliokuwa wamemwonea huruma ya ndani, hata na mlango uko wazi, wengi walisema nitakaa mimi. Wasomi bado wanabishana juu ya hilo jaribio, kijana mwenyewe kaniambia, ila mimi sikuhitaji kubishana maana kuna mtu nilimkumbuka palepale na chai ikanishinda kumeza.

Januari 2016, usiku wa manane, mvua ya Dodoma ile inayonyesha siku tatu kama inalipiza ya mwaka mzima. Mume wangu yuko Tabora kikazi. Mwanangu wa pili, ana miaka miwili, homa imepanda, akaanza degedege mikononi mwangu. Nimetoka nje nimemfunga kwenye khanga napiga kelele tu, barabara maji matupu. Bodaboda mmoja alikuwa anasukuma pikipiki yake kwa miguu anarudi kwake, imeingia maji. Alikuwa na kila sababu ya kupita. Akanitazama, akaipiga teke ile pikipiki mara sijui ngapi mpaka ikawaka, akavua koti lake la mvua akamfunika mtoto na mimi, akasema "Mama, kaa vizuri, mshike shingo." Hilo tu. Tulivyofika hospitali nikakimbia na mtoto ndani. Nilipotoka alfajiri kumtafuta nimlipe, hayupo. Nilizunguka vijiwe vya Nkuhungu, Mnadani, Kizota wiki mbili nauliza, sikumpata mpaka leo. Sura yake nahisi hata nikikutana nayo siijui, alikuwa amevaa kofia ngumu.

Koti lake ninalo, linaning'inia nyuma ya mlango wa stoo. La kijani, zipu imekufa, linanuka petroli mpaka kesho. Mfukoni nilikuta shilingi 3,500 zimelowa zimeshikana, na karanga za mia mbili kwenye kikaratasi. Hesabu yake ya siku ile ilikuwa ndani ya koti, na hakurudi kuidai.

Mtu ataniambia, labda alilala vizuri usiku ule, labda alijisikia mtu mwema, kwa hiyo na yeye kapata chake. Sawa, labda alijisikia vizuri. Ila mtu akipalilia mtama jasho linamtoka, na hatusemi amelima ili atoke jasho. Ule utamu wa moyo unakuja nyuma ya tendo, haukuwa mbele unalivuta. Huyo kaka alipiga ile pikipiki teke kwa sababu mtoto anakufa, basi. Mtoto wangu sasa yuko darasa la tano.

Kwa hiyo dada yangu wa Manyoni, jibu langu ni kwamba wapo. Mimi kwa binti sikuwa mmoja wao, labda robo yangu tu ndiyo ilikuwa pale. Na wewe kwa shemeji yako jiulize kwa ukweli, usiniambie mimi, jiambie mwenyewe usiku.

Sasa ushauri, maana ndiyo mlichofuata. Kabla hujatoa, amua ni mkopo au ni kutoa. Kama ni mkopo sema mkopo, mwambie kijana nakulipia udereva, ukipata kazi utanirudishia kiasi fulani kwa mwezi, muandikishane, hakuna dhambi hapo. Nipe nikupe siyo kitu kibaya, michango yetu ya misiba ndiyo hiyo, na hata popo wale wanaonyonya damu huko Costa Rica mtafiti Gerald Wilkinson aliandika mwaka 1984 kwamba aliyeshiba anamtapikia damu mwenzake aliyerudi na njaa, na wanampa zaidi yule wanayekaa naye, anayewapa na wao, maana popo akikosa kula siku mbili tatu anakufa. Wanaishi. Ubaya ni kukopesha huku unasema unatoa, halafu mwenzio hajui kama anadaiwa, anashangaa tu mbona umenuna.

Na kama umeamua kutoa, basi toa. Usiandike. Usipige picha risiti. Usimwambie shoga yako saluni. Biblia inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, Mathayo sita, na jirani yangu Mwislamu nilivyomsimulia akanisomea Al-Baqara aya ya 264, kwamba msiziharibu sadaka zenu kwa masimango na maudhi. Masimango jamani! Yale unayoyasema jikoni, "huyu nilimtoa mbali mimi," ndiyo yanachoma kila ulichotoa. Tumeyafanya wote. Tuache. Wazee walisema tenda wema uende zako, hawakusema tenda wema ukae pale pembeni ya spika usubiri kutajwa jina.

Kingine ni hicho hicho tu, amua kabla. Ukiamua baada umechelewa, utaamua kwa hasira.

Shemeji yako usimpigie wiki hii. Siyo kwamba hana kosa, kijana mzima kushindwa kupokea simu ya mtu aliyempikia miaka minne ni utovu wa adabu na mimi nakuwa mkali kwa hilo, kama ambavyo yule binti alijua kabisa nimekaa wapi. Shukrani ni haki kuitarajia. Ila usimpigie kwa sababu ukipiga leo utapiga kama mdai, na hamkuandikishana.

Mimi kauntabuku la mwaka ule bado ninalo. Fundi seremala alilipa, nikamkata. Mwalimu alihama na deni lake, nikamkata pia, nikasema Mungu atanilipa. Mstari wa binti nimeshaufungua mara mbili nimeweka rula na kalamu nyekundu, nikafunga. Mwezi uliopita tena. Nitakapoukata nitakuandikia mdogo wangu, na wewe ukiweza kuukata wa kwako kabla yangu, niandikie.