Diski za 4K kwa runinga ya Full HD ya mwaka 2012: kwa nini ningeagiza Blu-ray ya kawaida

Ndugu yangu, nimelielewa swali lako hivi: una runinga ya Full HD ya inchi 40 uliyoinunua mwaka 2012, wakati Dar es Salaam ilipokuwa inajiandaa kuzima mitambo ya analojia, binamu yako anayeishi London anakuja nyumbani Desemba na amekubali kukuletea deki pamoja na filamu kadhaa, nawe unataka kujua kama umwagize diski za 4K, ambazo huko mara nyingi bei yake inakaribia maradufu ya Blu-ray, au ubaki na Blu-ray ya kawaida. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya orodha yako iwe Blu-ray ya kawaida, na diski za 4K ziwe za filamu chache tu zinazotimiza masharti nitakayoyaeleza. Nasema hivi kwa kuwa nimekaa na mchanganyiko huohuo sebuleni kwangu, yaani deki ya 4K iliyounganishwa na runinga ya Full HD ya inchi 40, na filamu kadhaa nimezitazama katika diski zote mbili nikizilinganisha tukio kwa tukio.

Kwanza tuziweke namba mezani. DVD tuliyoizoea hapa kwetu ina picha ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 720 kwa 576. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina pikseli 1920 kwa 1080, na hizo ndizo pikseli zilizomo kwenye kioo chako, wala hazipungui wala hazizidi. Diski ya 4K, ambayo jina lake kamili ni Ultra HD Blu-ray na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2016, ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya zile ambazo runinga yako inaweza kuzionyesha. Ukiiweka diski hiyo, deki italazimika kuipunguza picha hadi ienee kwenye 1920 kwa 1080 kabla ya kuipitisha kwenye waya wa HDMI. Picha itaonekana, kwa hiyo usiwasikilize wanaosema kwamba kioo kitabaki cheusi. Runinga za wakati ule hazina kinga dhidi ya unakili iitwayo HDCP 2.2, inayodaiwa na picha ya 4K, lakini deki ikiligundua hilo huteremsha picha hadi 1080 na kuendelea na kazi yake. Wenye runinga za chogo ndio ambao hawana njia, kwa sababu deki za Blu-ray zinazotengenezwa miaka hii hazitoi tena picha kwa zile waya za rangi ya njano, nyekundu na nyeupe.

Ukumbuke pia kwamba diski ya 4K inahitaji deki yake. Deki ya Blu-ray ya kawaida haiisomi, na PlayStation 4 haiisomi hata ikiwa ni ile ya Pro, ingawa watu wengi hudhani inaisoma kwa kuwa michezo yake huonekana kwa 4K. PlayStation 5 yenye tundu la diski inaisoma, na vilevile Xbox Series X.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulipita haraka, nalo ni umbali kati ya kochi na kioo. Jicho lenye afya nzuri hutenganisha vitu viwili vilivyo karibu iwapo pembe kati yao haipungui takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Kioo cha inchi 40 kina upana wa sentimita 88 na ushee, kwa hiyo pikseli moja ya Full HD ina upana wa takriban nusu milimita, na ukipiga hesabu utaona kwamba mtu akikaa mbali zaidi ya mita 1.6 hawezi tena kuitofautisha pikseli moja na jirani yake. Katika sebule nyingi za kwetu, makochi yamepangwa kuuzunguka ukuta na runinga iko kwenye kabati la ukuta wa pili, kwa hiyo watazamaji hukaa mita tatu au zaidi. Katika umbali huo hata runinga mpya ya 4K ya ukubwa huohuo wa inchi 40 isingekuonyesha pikseli zake za ziada, maana ungetakiwa kuisogelea hadi sentimita 80 hivi ili uzifaidi. Mimi nilipolisogeza kochi hadi mita mbili, Blu-ray zilezile nilizokuwa nazo zilianza kuonyesha uzi wa kitambaa, vinyweleo vya usoni na maandishi ya mabango ya mbali, mambo ambayo kutoka ukutani sikuwa nikiyaona, na jambo hilo halikunigharimu hata senti moja.

Tofauti iliyo kubwa zaidi kwenye runinga ya zamani haihusu pikseli. Inahusu mwanga. Karibu diski zote za 4K zimetengenezwa kwa mfumo wa HDR, ambao unahifadhi mwanga mkali sana na giza zito katika picha moja. Picha ya Blu-ray ya kawaida ilisawazishwa studioni kwa kioo chenye mwangaza wa takriban niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), wakati picha ya HDR husawazishwa kwa niti 1000, na baadhi ya filamu hufika 4000. Runinga yako ya mwaka 2012 haijui HDR ni nini, kwa hiyo deki ndiyo inayobeba jukumu la kuukandamiza mwanga huo wote hadi uingie katika nafasi ndogo iliyopo, na kila deki hufanya kazi hiyo kwa namna yake. Katika baadhi ya deki picha nzima hutoka imefifia, nyuso zikaonekana kama zimepakwa majivu, na matukio ya usiku yakazama kwenye weusi usio na umbo ndani yake; katika nyingine nyuso hubaki sawa, lakini mawingu, miali ya moto na taa za magari huungua na kuwa madoa meupe. Deki za Panasonic zinasifiwa kwa sababu zina kipimo cha kurekebisha mwangaza wa ugeuzaji huo, na ukivumilia kukirekebisha unapata picha nzuri, ila filamu moja huenda ikataka kipimo tofauti na nyingine.

Linganisha hali hiyo na Blu-ray ya filamu hiyohiyo. Picha yake ilisawazishwa na mtaalamu wa rangi, akaamua kwa macho yake mwenyewe weusi uishie wapi na weupe uishie wapi kwenye runinga ya aina yako. Kununua diski ya 4K kwa runinga hiyo ni kama kununua kanzu ya mtu mrefu ukaipeleka kwa fundi aipunguze, wakati dukani ipo iliyoshonwa kwa kimo chako, tena kwa bei nafuu. Katika filamu zangu nyingi, hasa zile zenye matukio mengi ya usiku, Blu-ray ya kawaida ndiyo iliyokuwa bora kwenye runinga ile, na familia yangu iliyokuwa haijui ni diski ipi imo ndani ya deki iliichagua hiyohiyo.

Hata hivyo kuna filamu ambazo ningekuruhusu ulipie 4K bila kusita, nazo ni zile za zamani zilizopigwa kwa mkanda wa milimita 35 na ambazo Blu-ray yake ilitolewa zamani. Miaka ya mwanzo ya Blu-ray, studio nyingi zilichukua nakala zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya DVD, zikaondoa chembechembe za mkanda kwa kompyuta mpaka ngozi za watu zikawa kama nta, zikaongeza ukali wa bandia kwenye kingo za vitu, kisha zikauza. Filamu hizo zilipoandaliwa kwa 4K, nyingi zilisomwa upya kutoka kwenye negativu, yaani mkanda wa asili uliokuwa ndani ya kamera, uchafu ukasafishwa na rangi zikarudishwa. Ubora wa kazi hiyo unaonekana hata picha ikiteremshwa hadi 1080, kwa sababu unachokiona ni nakala nyingine kabisa ya filamu. Rangi nazo hunufaika kidogo: katika Blu-ray taarifa za rangi zimehifadhiwa kwa 960 kwa 540 tu, ilhali katika diski ya 4K zimehifadhiwa kwa 1920 kwa 1080, ambazo ni sawasawa na pikseli zako, ingawa mimi hilo nimeliona katika maandishi mekundu na nguo zenye rangi kali tu.

Lakini kabla hujalipa, mwambie binamu yako atazame mambo mawili. La kwanza ni kama kasha la 4K lina diski mbili ndani, ya 4K na ya Blu-ray, kwa maana makasha mengi yako hivyo. Ukilipata la namna hiyo kwa bei nzuri una picha ya leo na ya kesho kwa pamoja. La pili ni kama Blu-ray hiyo imetengenezwa kutokana na usomaji mpya au ni ileile ya zamani iliyotumbukizwa humo ili kujaza nafasi, jambo ambalo hutokea na ambalo wahakiki wa diski hulitaja. Ikiwa Blu-ray mpya inauzwa peke yake na imetokana na usomaji mpya, basi hiyo ndiyo ya kununua, na mjadala wa filamu hiyo umekwisha. Kinyume chake, filamu nyingi za kidijitali za miaka ya 2000 na 2010 zilikamilishwa studioni kwa kiwango cha 2K, ambacho kinaizidi Full HD kwa kiasi kidogo sana, na 4K yake ni picha iliyokuzwa tu. Hizo kwa runinga yako usiziguse.

Kuhusu sauti nitasema kidogo. Dolby Atmos na DTS:X, yaani mifumo ya sauti inayomzunguka msikilizaji hadi juu ya kichwa, mara nyingi huwekwa kwenye diski ya 4K peke yake, lakini bila risiva na spika za kuisambaza sauti hiyo hutaisikia kupitia spika za runinga wala sabufa ya kawaida.

Pesa utakazookoa usikimbilie kuzitumia kutafuta picha bora zaidi, kwa sababu runinga yenyewe huenda bado haijakuonyesha ubora wake wote. Runinga nyingi za zama hizo hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuikuza picha kidogo na kukata kingo zake, hivyo hata Blu-ray safi hunyumbuliwa na kupoteza makali. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, utafute Screen Fit kama ni Samsung, Just Scan kama ni LG au Full Pixel kama ni Sony. Kisha ondoa ile hali ya picha iitwayo Dynamic uweke Movie au Cinema, na ushushe ukali, yaani Sharpness, hadi mistari myeupe inayozunguka vitu ipotee. Siku mbili za mwanzo picha itaonekana ya manjano na ule ubuluu wa dukani utaukosa. Vumilia, jicho litazoea na utaanza kuona ngozi za watu zikiwa na rangi zao.

Wapo watakaokuambia uachane na diski kabisa utazame kwa intaneti. Mimi siafiki. Blu-ray inaweza kufikisha megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake, wakati filamu ya 4K inayotiririshwa mtandaoni kwa kawaida hupewa kati ya 15 na 25, na ya Full HD hupewa pungufu zaidi, tena ikitegemea bando lako na hali ya mtandao usiku huo. Moshi, mvua na vumbi ndivyo vinavyoifichua tofauti hiyo, kwa kuwa mtandaoni hugeuka kuwa miraba miraba.

Ikiwa una mpango wa kweli wa kubadilisha runinga ndani ya mwaka mmoja au miwili, na utakwenda inchi 55 au zaidi yenye HDR ya kueleweka, basi zile filamu unazozipenda na ambazo utazirudia maisha yako yote zinunue kwa 4K sasa, hasa zilizo katika makasha ya diski mbili. Deki nayo iwe ya 4K hata leo, kwa sababu inasoma aina zote tatu, yaani 4K, Blu-ray na DVD, na watengenezaji wanapungua: Oppo waliacha mwaka 2018, Samsung wakafuata 2019.

Mwambie binamu yako aichukue deki hukohuko Uingereza. Diski za 4K hazina mipaka ya kanda, yaani kufungwa zichezwe na deki za sehemu fulani za dunia tu, lakini Blu-ray zinayo, na Tanzania iko Kanda B pamoja na Uingereza, kwa hiyo Blu-ray za London zitacheza. Umeme wao ni wa volti 230 kama wetu na plagi ni ya miguu mitatu kama yetu. Deki ya kutoka Marekani ni ya Kanda A, na nyingine zinapokea volti 120 tu, ambazo ukizichomeka hapa zitaungua. Kwenye DVD ndiko kwenye tatizo, kwani Uingereza ni Kanda 2 na sisi ni Kanda 5; DVD zako za filamu za Bongo zisizofungiwa kanda zitacheza bila shida, ila zile za studio za nje zenye alama ya 5 deki hiyo itazikataa, na kwa hizo endelea kuitunza deki yako ya zamani. Na mtu akikuuzia kibandani diski iliyoandikwa 4K, ijaribu kwenye deki hiyohiyo ya zamani: ikicheza, basi ni DVD, maana taa yake nyekundu haiwezi kabisa kuisoma Blu-ray wala 4K.