Kwa vijana wapya wa dawati la kampuni za visiwani (siyo Zanzibar: Visiwa vya Virgin vya Uingereza)

Jana kijana wetu mpya ametuma Road Town, mji mkuu wa visiwa hivyo ulioko kisiwa cha Tortola, ombi la kusajili kampuni yenye hisa 1,000,000. Kwa nini? Eti mteja anapenda ionekane nzito. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mwaka wangu wa kwanza nilifanya vivyo hivyo. Basi wadogo zangu, someni haya kabla hamjaniua kwa presha.

1. Hisa zisizidi 50,000. Ukivuka hapo ada ya serikali ya kila mwaka inapanda, na Tortola hakuna anayeshtushwa na mtaji wa kwenye karatasi.

2. Uthibitisho wa makazi ya mteja. Ajenti, yule wa kule anayetusajilia kampuni, anataka bili isiyozidi miezi mitatu. Sisi umeme wetu ni LUKU, wa kulipia kabla: namba ya mita, tokeni, basi, anwani hakuna. Mmoja wenu kaituma hiyo risiti mara tatu, akilalamika kwamba wazungu wa kule wasumbufu. Mdogo wangu, watu wa Tortola wengi ni weusi kama wewe, na wana haki. Omba taarifa ya benki yenye mtaa na namba ya nyumba. Sanduku la posta halilaliwi na mtu.

3. Mmiliki manufaa, yaani mwenye kampuni wa kweli, ni mtu mwenye pumzi, siyo kampuni nyingine wala mpwa wa mteja. Na msimwambie mteja kwamba kodi imekwisha. Visiwani haitozwi kodi ya mapato, sawa, lakini kampuni ikiendeshwa kutoka Masaki, hapa Dar es Salaam, kwa sheria yetu ni mkaazi wa Tanzania, na TRA wanalijua hilo kuliko ninyi.

4. Tarehe. Hapa mnivumilie.

Kampuni iliyosajiliwa Januari hadi Juni hulipa ada ya mwaka mwisho 31 Mei. Julai hadi Desemba, 30 Novemba. Mnalijua. Hata mimi nililijua. Mzee mmoja alishika hisa za hoteli Zanzibar kupitia kampuni ya visiwani iliyosajiliwa tarehe 7 Juni. Nikaandika kwenye jedwali 7/6. Kompyuta ilikuwa imesetiwa Kimarekani, mwezi kwanza, ikasoma 6 Julai, ikanipangia yenyewe siku ya malipo: 30 Novemba. Cheti cha usajili kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Sikukifungua.

Mei ikapita. Faini ikaanza na 10%, ikawa 50%. Barua pepe za ajenti zilikuwa zinakwenda kwa dada aliyekwisha kuacha kazi. Tarehe 1 Novemba Msajili wa kule akaifuta kampuni kwenye daftari, na mimi wiki hiyohiyo nilikuwa najisifu kwamba safari hii nitalipa mapema.

Mzee akapata mnunuzi. Wakili wa mnunuzi akaomba cheti kwamba kampuni iko hai na haidaiwi. Nikamwandikia ajenti, nikangoja saa kumi alasiri wafungue, maana tuko mbele yao kwa saa saba. Jibu lilikuwa mstari mmoja. Sikula siku hiyo. Siku mbili nilimkwepa mzee, simu yake ikiita naitazama tu. Ya tatu nikaenda kwake.

Akanimiminia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, imekufa au imelala?"

Nikasema imelala, mzee. Na kwa sheria ya wakati ule ilikuwa kweli: ukilipa ada na faini, inaamka. Iliamka, faini ikakatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo. Lakini mnunuzi alikwishanusa, akataka bei ishuke, ikashuka. Mzee hakusema neno. Nilitamani anitukane.

Ninyi jibu hilo hamnalo. Tangu 1 Januari 2023 kampuni ikifutwa imevunjwa papo hapo, na mali iliyobaki inaangukia Taji la Uingereza. Kuirudisha kupo, ndani ya miaka mitano, kwa masharti na gharama ambazo sitaki kuziona kwenye dawati hili.

Mzee bado mteja wetu. Kila mwisho wa Aprili hunipigia kuulizia kampuni yake: "Kijana wetu kaamka?" Nami huvuta droo, nikamsomea cheti kwa sauti, mwezi kwa jina lake.