Wiki ya Kusoma Shuleni: Hesabu Dakika Kabla ya Mapambo

Ukitaka kujua kama wiki ya kusoma itawafaa watoto, chukua ratiba yake na kalamu. Chagua mtoto mmoja wa darasa la tatu, mfuate kwenye ratiba hiyo kuanzia mstarini asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani, kisha jumlisha dakika ambazo atakuwa ameshika kitabu, kadi au karatasi yenye maandishi, anasoma. Mara nyingi dakika hizo huwa chache mno, kwa sababu muda umekwenda kwenye ngoma, hotuba, kupanga viti na kumsubiri mgeni rasmi. Lenga dakika 40 kwa siku kwa darasa la tatu hadi la saba, na 25 kwa la kwanza na la pili, zigawanywe asubuhi na kabla ya kutoka. Shughuli inayokula muda bila kuongeza dakika hizo ifupishwe, hata kama ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Tarehe nayo ina uzito wake. Shule nyingi hupenda kufuata siku za kimataifa: 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani, 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujua Kusoma na Kuandika, inayoadhimishwa tangu 1967. Kwa Tanzania kila moja ina kikwazo. Aprili ni masika, na shughuli zilizopangwa chini ya mwembe hulowa. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, siku ya mapumziko, na shule ndiyo kwanza zinarudi kutoka likizo au hazijarudi kabisa. Mwanzoni mwa Septemba walimu wote macho yao yako kwenye mtihani wa taifa wa darasa la saba. Ushauri wetu ni wiki ya mwisho ya Julai: ni kipupwe, sehemu kubwa ya nchi haina mvua, na muhula bado ni mrefu wa kuendeleza yatakayoanzishwa. Kenya mihula yao ni tofauti, lakini hesabu ni ileile ya kukwepa mvua na mitihani.

Wiki tatu kabla, fungua kabati. Vitabu vya ziada mara nyingi hufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa kuogopa upotevu, hadi mwalimu wa Kiswahili mwenyewe hajui vilivyomo. Vitoe, vipanguswe vumbi, na uvipange katika mafungu manne kwa wingi wa maneno katika ukurasa: sentensi moja, sentensi mbili hadi nne, aya moja, na zaidi ya hapo. Usivipange kwa darasa lililoandikwa kwenye jalada. Mtoto wa darasa la tano anayesoma kwa shida hatakubali kushika kitabu kilichoandikwa "Darasa la Pili" mbele ya wenzake, lakini kitabu chenye kibandiko cha kijani atakichukua. Kila fungu lipe rangi yake. Kisha gawa idadi ya vitabu kwa idadi ya watoto. Kitabu kimoja kwa watoto wawili kinatosha. Kikifika watoto watano, wa katikati ndiye anayesoma, walio pembeni wanatazama maandishi kwa upande, na aliyekaa mbele yao anayaona kichwa chini.

Vikipungua, chapa. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, unazipakua na kuzichapa bila kuomba kibali, mradi jina la mwandishi na la mchoraji yabaki. Karatasi nne za A4 zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 16, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatoa vijitabu 125. Kwenye kompyuta chagua mpangilio wa kijitabu, na karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nusu ya kurasa hutoka kichwa chini. Chapa kimoja kwanza ukikague, ndipo uchape vingine. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, kwa hiyo shona: toboa matundu matatu kwenye mkunjo, anza kwa kutoa sindano nje kupitia tundu la katikati, iingize ndani kupitia la juu, itoe nje kupitia la chini, irudishe ndani kupitia la katikati, kisha funga fundo ndani ambako watoto hawatalichokonoa. Darasa la sita wakionyeshwa mara moja watashona rimu nzima kwa siku moja.

Wiki iwe na mada moja tu. Si kwa ajili ya kupamba ukuta. Mada moja hufanya maneno yarudi. Mada ikiwa "mto na viumbe vyake", mtoto aliyekutana na neno "kiboko" na "ng'ambo" Jumatatu atayakuta tena Jumatano kwenye kadi na Ijumaa kwenye hadithi, na mara ya tatu hatayasoma silabi kwa silabi. Ukiweka wanyama leo, sayari kesho na michezo keshokutwa, kila siku anaanza upya. Michoro ya ukutani iachie watoto, kila mchoro uwe na jina au sentensi chini yake.

Kwa madarasa ya chini, nguzo ya wiki ni kitabu kikubwa. Katika chumba cha watoto 80, kitabu cha kawaida anachoinua mwalimu husomwa na safu ya mbele tu, waliobaki wanasikiliza. Chukua manila tano, zikate katikati upate kurasa kumi. Piga mistari kwa penseli na rula, kisha andika kwa kalamu nene ya wino, herufi za kuchapa, zisizoungana, "a" iwe na urefu wa sentimita nne. Mistari miwili kwa ukurasa inatosha, mchoro ukae juu yake. Andika upande mmoja tu, maana wino hupenya manila na kuchafua nyuma. Ukingo wa juu uimarishwe kwa selotepu pana kabla ya kutoboa matundu ya kamba. Bila selotepu, kurasa huanza kuchanika kabla wiki haijafika katikati.

Kitabu hicho kisomwe siku tatu mfululizo, dakika 15 kila mara. Siku ya kwanza ni ya utamu. Mwalimu anaita "Hadithi! Hadithi!", watoto wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", naye anasoma moja kwa moja, akisimama mahali pawili tu kuuliza nini kitafuata. Maswali yakizidi, hadithi inakatika na watoto wanaanza kuchezea madaftari. Siku ya pili anapitisha fimbo chini ya kila neno, na watoto wanaingia kwenye mstari unaojirudia. Siku ya tatu wanasoma wenyewe, safu kwa safu. Hapa ndipo panapodanganya. Darasa zima linaweza kupaza sauti bila kosa huku nusu yao wakitazama dirishani, kwa kuwa wameshakariri. Mwalimu afunike neno moja kwa kipande cha karatasi na kuuliza ni lipi, au aruke na fimbo hadi neno la katikati ya sentensi na kumtaja mtoto mmoja. Akikwama, ujue sauti yake ilikuwa ikifuata ya jirani, na huyo ndiye wa kukaa naye dakika mbili baada ya kipindi.

Kuwinda maneno huchangamsha sana. Bandika kadi 12 za mada kwenye miti na kuta. Madarasa mawili ya chini wapewe silabi na maneno mafupi, ya kati maneno marefu, ya juu sentensi zinazoelekeza kadi inayofuata. Kosa la kawaida ni mtoto mmoja hodari kukimbia na kusoma kwa niaba ya kikundi kizima. Kwa hiyo kikundi kiwe cha sita, kila mtoto apewe namba mbili za kadi zake, na ni yeye tu anayeruhusiwa kuzisoma na kuziandika. Vikundi vianzie vituo tofauti, la sivyo watoto 40 watarundikana kwenye kadi ya kwanza.

Gwaride la wahusika lifanywe bila kununua chochote. Mavazi yakiruhusiwa kutoka nyumbani, mtoto asiye nayo atashinda nyumbani siku hiyo. Kata ukanda wa boksi la kadi wa kuvaa kichwani, wenye sentimita 60 kwa 8, mtoto achore uso wa mhusika, na aandike nyuma sentensi moja anayosema mhusika huyo, iliyonakiliwa kitabuni. Anapopita, anauvua na kuisoma. Sentensi hiyo ndiyo inayolifanya gwaride liwe la kusoma.

Darasa la tano na la sita wape kazi nzito zaidi: hadithi ya bibi au babu. Jumatatu wanaomba hadithi nyumbani, kwa lugha yoyote inayosemwa pale, iwe Kisukuma, Kihehe au Kimakonde. Jumanne wanasimuliana wawili wawili kwa Kiswahili, msikilizaji akiuliza kila asipoelewa. Jumatano wanaandika sentensi sita tu, zenye mwanzo, mkasa na mwisho, na mwalimu anasahihisha kwa penseli. Atakutana na "ngombe" isiyo na ritifaa (alama ya ' katika "ng'ombe"), na "h" iliyodondoka au kuongezwa. Alhamisi wananakili kwenye karatasi mbili za A4 zilizokunjwa, kurasa nane: jalada, kurasa sita za hadithi na michoro, na nyuma jina la msimuliaji na la mwandishi. Ijumaa kila mmoja anamsomea mtoto wa darasa la kwanza. Ukiruka hatua ya Jumanne, watoto hutafsiri neno kwa neno na sentensi hazishikani. Nasi tunaipenda shughuli hii kuliko zote, kwa sababu mzazi asiyejua kusoma anakuwa chanzo cha kitabu kinachobaki shuleni na jina lake likiwa juu yake.

Kumsomea mdogo kunataka maandalizi. Mkubwa asome kijitabu mara mbili kwa sauti siku iliyotangulia. Wakae bega kwa bega, kitabu kiwe mapajani mwa mdogo, na kidole kinachofuata maneno kiwe cha mdogo.

Mgeni rasmi apewe ukurasa wa kusoma badala ya hotuba. Mpelekee siku mbili kabla, na mweleze mapema kwamba ana dakika tano. Zawadi zisitolewe kwa aliyesoma vitabu vingi zaidi, maana watoto huanza kupindua kurasa bila kuzisoma. Kila kitabu kikimalizika, mtoto aandike jina lake, jina la kitabu na sentensi moja kwenye kipande cha karatasi cha sentimita 3 kwa 20, kiunganishwe kwenye mnyororo wa darasa. Darasa zima likiufikisha mnyororo kutoka mlangoni hadi ubaoni, wote wanapata hadithi ya ziada chini ya mti. Ikihitajika michango ya wazazi, ipitie kwanza kamati ya shule.

Ijumaa mchana watoto waondoke na vijitabu vilivyochapwa. Daftari la kuazima liwe na safu tano: tarehe, jina, kitabu, siku ya kurudisha, hali kilivyorudi. Litunzwe na watoto wawili wa darasa la sita, mwalimu alikague kila wiki. Kila kijitabu kiingie kwenye jalada la plastiki la kutunzia karatasi, kwa sababu mfuko wa shule hubeba pia chupa ya maji. Kilichochanika kishonwe upya, kisiwe sababu ya adhabu, kwani mtoto akichapwa kwa sababu ya kitabu kimoja darasa zima litaacha kuazima. Weka akiba ya vijitabu 20 katika kila 125 kufidia vitakavyopotea, na viingize kwenye bajeti tangu siku ya kununua rimu.