Umeuliza kama picha za chakula zinalipa hapa Dodoma: yaliyonikuta mimi ni haya

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama mtu anaweza kuishi Dodoma kwa kupiga picha za chakula, uanze na kamera gani, na kama hizi kofishopu mpya za Area D zinalipa. Waliokujibu kabla yangu wanakwambia ukope milioni tatu ukanunue kamera. Mimi nina mwaka wa saba kwenye kazi hii, naishi Ilazo, na nakwambia kanunue mwiko kwanza.

Usicheke, nakuja.

Nilianza na harusi, kama wengi wetu. Chakula nilikuwa nakipiga pale MC anapokaribisha wageni mezani, picha mbili tatu za sahani za pilau, narudi kwa bibi harusi. Serikali ilikuwa imeshaanza kuhamia huku tangu 2016, mji umepanda hadhi kuwa jiji 2018, na kila mtaa unafunguliwa mgahawa unaotaka menyu yenye picha. Nikajikuta nimeingia. Menyu hazikunifundisha kitu, nakiri. Unafika, chakula kimeshapakuliwa, unapiga, unalipwa au unazungushwa, unaondoka.

Kilichonifundisha ni kitabu cha mapishi. Mchapishaji mmoja, simtaji, alitaka mapishi arobaini ya Kanda ya Kati: ugali wa uwele na wa mtama, mlenda, kuku wa kienyeji wa Singida, wali wa mchele wa Bahi, samaki wa Mtera, na kadhalika. Bajeti haikuwa na mpishi. Nilipouliza nani atapika, nikajibiwa, "Si wewe ni mwanamke?" Njaa ilikuwa kali, nikanyamaza nikasaini.

Sasa mimi nimekulia Makole. Mama ni Mgogo wa Mvumi, lakini kwetu mjini tulikula sembe. Uwele niliuona tulipokwenda kwa bibi likizo. Nikanunua unga soko la Majengo, nikachemsha maji, nikamwaga unga, nikasonga dakika tano, nikaumba kwa bakuli na kuuweka juu ya kibao cha mninga, kibakuli cha mlenda pembeni. Mwanga wa dirishani, kivuli laini. Picha ilikuwa nzuri, hata leo ukiiona utasema nzuri.

Jumapili mama akaja. Nikamfungulia kompyuta kwa madaha. Akavaa miwani, akasogea.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama."

"Haujaiva."

"Mama, hiyo ni picha."

"Naona kuwa ni picha. Haujaiva."

Akanionyesha kwa kidole. Ugali ulikuwa na nyufa ukingoni na uso wake umepauka kama chaki, wakati ugali ulioiva unatoa jasho, unang'aa, na ukiumbwa hauachi ufa. Akahamia kwenye mlenda. "Na huu hukutia magadi." Nikashtuka, kwa sababu kweli sikutia. Alijuaje? Rangi. Majani yakichemka bila magadi kijani chake kinafifia, kinakuwa kama kaki ya mgambo. Magadi hulainisha mboga na pia hushikilia ukijani. Mimi mpiga picha, mtu wa rangi, sikuliona hilo. Aliliona bibi wa miaka sabini ambaye hajawahi kushika kamera.

Tukarudia jikoni kwangu, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mwiko. Kwanza uji, uchemke mpaka utokote na harufu ya ubichi iishe, ndipo unaongeza unga kidogo kidogo na kusonga mpaka ugali uachie sufuria. Nilipolalamika kuwa huku kila kitu kinachelewa kuiva, maharage ndiyo usiseme, akasema ni mkaa mbaya. Mkaa una lawama zake, ila baadaye wakati wa kuhakiki mapishi nilielewa jambo lingine: Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Muda wa maharage ulioandikwa na mtu wa Tanga hautoshi hapa. Tukaongeza dakika kwenye mapishi yote ya kuchemsha.

Mlenda wenyewe ulinitesa wiki nzima. Ukiupiga kutoka juu kwenye bakuli unapata dimbwi la kijani, basi. Mlenda unakuwa mlenda pale tonge linapoinuliwa na ule uzi ukavutika. Kwa hiyo unahitaji mkono ndani ya picha, mwanga utoke nyuma kidogo ya sahani ili uzi uwake, na spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga, isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, maana uzi haukusubiri. Mkono uliopo kitabuni ni wa mama. Alikataa kuvua bangili, nikamwacha nayo.

Kuna jingine ambalo halisemwi kwenye mafunzo ya kamera: vipimo. Mama lishe walionipa mapishi walisema "fungu la mchicha", "nusu sado ya unga", "mafuta ya kutosha". Fungu la Majengo asubuhi siyo fungu la Majengo saa kumi na mbili jioni. Nikanunua mizani ya jikoni, nikawa napima kila kitu kabla hakijaingia sufuriani. Hapo ndipo nilipoona picha nyingi za vitabu zinavyodanganya: pishi linataka nyanya mbili, kwenye picha mchuzi umekolea wekundu wa nyanya sita. Msomaji akipika kwake ukatoka wa njano atadhani yeye ndiye hajui kupika. Tangu hapo sipigi chakula cha kitabu mpaka nimekipika mwenyewe kwa vipimo vile vile vilivyoandikwa. Najua kwenye matangazo watu humimina gundi nyeupe badala ya maziwa, na viazi vilivyopondwa husimama badala ya aiskrimu. Wafanye huko kwao. Kwangu chakula cha picha kinaliwa, tena kimepoa, wanangu hawagusi sahani kabla hawajauliza, "Hiki cha picha au cha kula?"

Kitabu kilipochapwa ugali wangu ukatoka wa bluu bluu, kama saruji. Mchapishaji akanilaumu, na nusu ya lawama ilikuwa yangu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu; mashine ya uchapaji hutumia wino wa rangi nne, na kijivu chenye ukahawia kama cha uwele kinapotea njiani kirahisi. Juu ya hayo nilikuwa nimehariri picha usiku, chini ya taa nyeupe kali. Siku hizi fremu ya kwanza napiga na kadi ya kijivu pembeni ya sahani, ya kunisaidia kusahihisha rangi, nahariri mchana, na sikubali kazi ya kitabu bila kuletewa karatasi ya majaribio kutoka kiwandani. Hilo liandike kwenye mkataba.

Mwanga wa Dodoma ni mtihani. Kiangazi anga haina wingu, jua la saa tatu asubuhi tayari linakata kama wembe, na upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya lenzi. Napiga kati ya saa moja na saa tatu, au baada ya saa kumi, dirisha nimelitundikia shuka jeupe. Riflekta yangu, ya kurudisha mwanga kwenye sahani, ni kipande cha boksi nililolibandika karatasi nyeupe. Sijawahi kununua nyingine. Nyama choma ya mnada wa Msalato ndiyo pekee ninayoifuata juani kabisa: simama upande ambao jua liko nyuma ya jiko, moshi wenyewe utakufanyia kazi. Ila omba ruhusa, na ununue nyama. Wauzaji wamechoka na watu wanaopiga picha na kuondoka bila hata kuonja.

Tuje kwenye kofishopu. Zinalipa, lakini zinalipa kwa kuchelewa, na baadhi hazilipi kabisa. Mmoja alinipa siku nzima ya kazi, picha thelathini na tano, halafu akaniambia malipo yatakuwa kapuchino za bure mwezi mzima na jina langu kuonekana. Jina halinunui gesi. Sasa nachukua nusu kabla ya kutoa kamera begini. Nusu siku natoza laki moja na nusu, na najua tangu treni ya SGR ianze kuja huku 2024, wapo wapiga picha wa Dar wanaofika asubuhi na kurudi jioni na wateja wakubwa wa mjini. Usishindane nao kwa kushusha bei. Wao hawajui barista yupi, yaani mtengeneza kahawa, ana mkono mtulivu, wala meza ipi inapata mwanga saa mbili.

Kikombe cha late, ile kahawa ya maziwa yenye mchoro wa povu juu, kina uhai mfupi kuliko ugali. Povu likikaa dakika mbili tatu, ule mchoro umekunjamana. Kwa hiyo panga kila kitu kwa kikombe kitupu kwanza: pembe, kijiko, kivuli. Ukiridhika ndipo unamwambia barista amimine, na kikombe kitue pale pale ulipopima. Ukianza kuhangaika na tripodi kahawa ikiwa mezani, umeshachelewa.

Nakiri nina upendeleo. Kazi ikiisha sikai mle ndani kwenye kikombe cha shilingi elfu sita. Navuka barabara nakwenda kijiweni, kahawa chungu yenye tangawizi kwenye kikombe kisichozidi kidole gumba, kashata pembeni, wazee wanabishana juu ya Simba na Yanga huku drafti ikiendelea. Kahawa yenyewe ni ile ile ya nchi hii, ya Kilimanjaro, Mbinga au Kagera, tofauti ni birika la mkaa na mashine ya mamilioni. Picha yangu niliyoiuza mara nyingi kuliko zote ni mkono wa muuza kahawa akigonganisha vikombe. Niliipiga kwa simu, nikamlipa, na kila ikiuzwa nampelekea chake. Mwanzo alidhani namtania.

Ndiyo, kwa simu. Hilo ndilo jibu la kamera: simu yenye kamera safi kwa miezi sita ya kwanza, kisha kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 50. Miezi hiyo sita pika. Pika mara tatu pishi lile lile, lipige kila mara, umwonyeshe mtu mzima anayejua kupika, na usimweleze chochote.

Zabibu za msimu wa kwanza huvunwa Februari na Machi, na nina kazi Hombolo. Ukitaka kuona shughuli yenyewe njoo ubebe boksi langu jeupe. Nauli ya daladala yako, chai yangu. Sharti moja tu: usioshe zabibu kabla sijapiga. Ule unga mweupe kwenye ganda siyo uchafu, ni nta ya tunda lenyewe, na kidole kimoja kinatosha kuifuta. Kijana niliyekwenda naye mwaka jana aliosha ndoo nzima kwa nia njema, tukashinda tunakula zabibu mpaka magharibi.