Barua kwa Manka, aliyeniuliza kwa nini mzee anasoma vitabu vya mapenzi

Mama yangu Manka,

Marahaba, mwanangu. Salamu zako kwa mama nimezifikisha. Yuko uani na redio yake, anamenya ndizi za mtori. Hatujambo wote, ila umeme wa huku Rau unakatika ukijisikia, ndiyo maana nakujibu kwa mkono, na mtoto wa dada yako ataipiga picha barua hii akutumie.

Ulichoniuliza ni hiki: mtu aliyekaa masjala ya mahakama mpaka akastaafu, aliyesikia kila aina ya uongo wa binadamu, inakuwaje leo anasoma riwaya za mapenzi za Kikristo, za wapelelezi wa karne zilizopita na vitabu vya ushuhuda, ambavyo mwisho wake unajulikana kabla hujafika katikati? Si kuukimbia ukweli huko? Na chini ukaongeza kama kile kitabu mama alichokutumia Dodoma kwa basi kilikuwa na ujumbe wake.

Hilo la pili tulimalize. Kilikuwa na ujumbe. Mama yako hafungi kifurushi bure. Ila mimi simo, tena alikichukua nikiwa nimefika sura ya kumi na moja. Malizaneni wenyewe.

Sasa swali lenyewe. Mahakama ya Mwanzo unaijua kwa nje, ulikuwa ukinifuata na sare za shule kuomba nauli. Ndani, kazi ya karani ni majalada: unalifungua, unalipa namba, unajaza samansi, na siku ya shauri unasimama mlangoni unaita majina. Mashauri ya ndoa yalikuwa mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mume na mke wapite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ndipo ombi la talaka linapokelewa. Kwa hiyo majalada hayo yalinifikia yakiwa na karatasi inayothibitisha kwamba watu hawa wameshindikana. Walipokuwa bado wanachekeana hawakuwa na haja na karani.

Nakumbuka orodha moja ya mali za ndoa, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Kitanda cha tano kwa sita, madebe mawili ya maji, redio, mabati, mwavuli. Mwavuli ulikuwa umekatwa kwa mstari, kisha ukaandikwa tena chini kwa kalamu ya rangi nyingine. Wale watu walibishania mwavuli kuliko walivyobishania kiwanja. Hakimu akauliza una nini huo mwavuli, wote wawili wakanyamaza. Nilikaa na karatasi ile mkononi nikijua kabisa kwamba kuna siku ya mvua ambayo wao wanaikumbuka na sisi hatutaambiwa.

Jibu lako liko hapo. Nimekutana na watu wengi mno nikianzia ukurasa wa mwisho. Nikishika riwaya ya mapenzi, ninasoma ile siku ya mvua. Unasema mwisho unajulikana, wataoana. Sawa. Hata shauri mwisho wake ni miwili tu, kushinda au kushindwa, na bado watu walijaa kwenye mabenchi mpaka jioni wakisikiliza ushahidi.

Chukua kile cha Janette Oke, *Love Comes Softly*, cha mwaka 1979. Mama yako alikiokota Kiboriloni kwenye lundo la mitumba, kati ya mwongozo wa kupanda mlima na kitabu cha mapishi. Binti anafiwa na mume safarini, huko magharibi ya Amerika. Siku ile ile ya maziko, mwanamume aliyefiwa na mkewe, ana katoto kadogo, anamwomba waoane. Yeye atapata pa kujisitiri wakati wa baridi, mtoto atapata wa kumlea, na baridi ikiisha akitaka kurudi kwao atamlipia safari. Hakuna maua wala kupiga magoti. Kwa macho ya masjala huo ni mkataba, tena wenye kipengele cha kuuvunja. Utamu wake ndio huo, maana kuanzia hapo kazi yote ya mwandishi ni kukuonyesha mtu anavyotunza neno lake ndani ya nyumba, kwa vitu vidogo, bila kudai malipo. Nilikisoma polepole, kamusi iko pembeni.

Nisikudanganye lakini, vingi vya aina hiyo ni makapi. Mwanamume ana shamba kubwa, macho ya bluu na jeraha la moyoni, na ikifika sura ya nne lazima farasi amwangushe mtu. Kinachoniudhi zaidi ni kijana asiyeamini anayeokoka ukurasa mmoja kabla ya kuvisha pete. Mzee wa baraza yeyote angemuuliza maswali mawili tu, angeanguka. Hapo nafunga kitabu nakwenda kumwagilia migomba.

Wazee wenzangu wa usharika wananitania, hilo kweli umeambiwa. Mmoja aliona picha ya juu, mwanamke kavaa kofia ya kitambaa katikati ya ngano, akaniuliza kama nimeanza kusoma kilimo. Nikamwambia akasome Ruthu. Wengi wanakijua kwa yale maneno ya Ruthu kwa mkwewe, maana ndiyo yanayosomwa harusini. Wewe soma sura ya nne kama karani. Kuna shamba la marehemu. Kuna ndugu wa karibu zaidi mwenye haki ya kulikomboa. Boazi anakwenda langoni pa mji, anaketi, anakusanya wazee kumi, baraza limetimia, anamwita yule ndugu na kumweleza habari ya shamba. Jamaa anakubali haraka. Ndipo Boazi anaongeza kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu, mjane Mmoabi, ili jina la marehemu lisimame katika urithi wake. Jamaa anarudi nyuma, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Kiatu kinavuliwa, mashahidi wanakubali, shauri limekwisha.

Hiyo ni mirathi kabisa, Manka, ni kesi ya kihamba, shamba la ukoo la sisi Wachagga. Na angalia Boazi alivyopanga maneno yake: shamba kwanza, mwanamke baadaye. Mtu huyo hakulala usiku akiipanga hoja. Ila kuhusu mapenzi yake, sura ya pili inasema tu kwamba aliwaagiza vijana wake wasimguse Ruthu, na wamwachie masuke makusudi ayaokote. Mwandishi wa riwaya anayejua kazi yake anajifunza hapo.

Vya wapelelezi wa kale ni ugonjwa wangu mwenyewe. Mama yako havitaki, au anavitaka kwa namna yake: anafungua mwisho, anamjua muuaji, ndipo anarudi mwanzo akiwa na amani. Navipenda vya zamani kuliko vya siku hizi kwa sababu havina kamera wala alama za vidole. Mpelelezi ana macho, masikio na maswali, zana zile zile za hakimu wetu. Ellis Peters alianza mwaka 1977 kuandika habari za mtawa Cadfael wa Shrewsbury, Uingereza ya karne ya 12, wakati Mfalme Stephen na binamu yake Matilda wanapigania kiti. Mtawa huyu alikuwa askari wa vita vya msalaba, sasa analima bustani ya miti ya dawa. Wakati mwingine anamjua mkosaji na anamwachia aende zake. Mama yako anasema hiyo ni rehema. Mimi karani damu inachemka.

Kisa cha upelelezi ninachokiheshimu kuliko vyote nilikikuta kwenye Biblia ya mama yako. Yeye ni mtoto wa Kibosho, alikuja kwangu na Biblia yake ya Kikatoliki, na Danieli yake ina sura ya 13 ambayo yangu ya Kilutheri haina. Susana anasingiziwa uzinzi na wazee wawili, tena waamuzi. Watu wameshaamini, anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anasema watenganisheni. Anamuuliza wa kwanza, uliwaona chini ya mti gani? Anataja mti. Anaitwa wa pili, swali lile lile, anataja mti mwingine. Basi, imekwisha. Mashahidi wetu nao walikaa nje chini ya mwarobaini mpaka waitwe mmoja mmoja, na ndiyo sababu nilikuwa nawafukuza dirishani. Wengi waliniona mkorofi.

Halafu kuna Josephine Tey, ambaye mwaka 1951 alimlaza mpelelezi wake hospitalini na mguu uliovunjika, hana la kufanya ila kutazama picha ya Mfalme Richard wa Tatu. Mfalme huyo aliuawa vitani mwaka 1485, na sifa yake ni kwamba aliwaua watoto wawili wa kaka yake. Mpelelezi anawageukia walioandika: wewe ulikuwepo? Uliandika lini? Ulikuwa unakula kwa nani? Kumbe waliomsema sana walikuwa upande wa waliompindua. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Habari ya wale watoto inabishaniwa mpaka leo.

Nilipomaliza hicho sikuweza kulala, kwa sababu shauri kubwa kuliko hilo liko hapa juu yetu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa pale Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya fuvu moja vimeoana na vya ukoo wa Akida, aliyekuwa mtu wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Ingekuwa riwaya, mhariri angemrudishia mwandishi aongeze sura.

Sasa niambie, mtu anayeishi Moshi ataukimbilia wapi ukweli? Ukipanda daladala ya Old Moshi unashushwa mlangoni kwake. Nimeandika majalada yaliyofungwa kwa kukosa ushahidi, na nikakutana na wadaawa wake sokoni, kila mmoja ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha. Jioni nikishika kitabu ambacho muuaji anapatikana, najua fika mambo hayaendi hivyo. Ninachofuata ni namna mtu anavyouliza. Danieli aliuliza swali moja. Sisi tulikuwa tunauliza arobaini.

Ninalosikitika ni kwamba nalazimika kuvisoma hivi kwa Kiingereza. Upelelezi wenyewe tunao: Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake tangu mwaka 1960, kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, na ujana wangu niliumalizia kwa Willy Gamba wa Musiba, anayekimbizana na majasusi. Natamani mtu wa huku atuandikie upelelezi wa Kilimanjaro ya mwaka 1900: karani wa boma la Wajerumani, anajua kusoma, anajua lugha mbili, anaona karatasi ambazo hakutakiwa kuziona. Karani, sikiliza vizuri, si askari.

Vya ushuhuda nisikuchoshe navyo. Vile vya hatua saba za kufanikiwa sivigusi, wengi wamefanikiwa kwa kuviandika. Lakini yupo Corrie ten Boom wa Haarlem, Uholanzi. Familia ya mafundi saa, waliwaficha Wayahudi nyumbani kwao, wakakamatwa Februari 1944. Baba yao mzee akafa kizuizini siku kumi baadaye, na dada yake Betsie akafia kwenye kambi ya Ravensbrück Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka 1947 Corrie yuko Munich, ametoka kuhubiri habari ya msamaha, mtu anamsogelea na mkono umenyooshwa. Alikuwa mlinzi wa ile ile kambi. Na mkono wa Corrie haunyanyuki. Anasimulia mwenyewe, hafichi: amesimama pale, mahubiri yake bado yako hewani, mkono uko ubavuni, mpaka aombe asaidiwe ndipo unakwenda. Nimewaona watu wangapi wakipeana mikono upesi upesi kwa sababu hakimu anawaangalia, halafu wanapitana getini kama mbwa na paka! Kitabu kinachokiri kwamba mkono ulikuwa mzito, hicho nakiamini.

Ukija Pasaka usiniletee shati, ninayo. Hivyo vya mtawa wa Shrewsbury viko ishirini na mimi ninavyo vichache tu, tena vimerukana. Ukivikuta kwa wauza vitabu vya mitumba huko, angalia kwanza kama kurasa za mwisho zipo, mama yako asije akanisumbua, na chagua vya herufi kubwa. Mchele atakwambia mwenyewe ni kilo ngapi.

Wako,
Baba